Punje ya Maji

Watu wa tambarare husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nakijwa Mshana hakuwa na ng'ombe, na kesi yake haikuwa ya kuku. Ilikuwa ya mama yake. Mahakama zilikwisha kumwambia, kwa lugha tamu na mihuri yote, kwamba hakuna kosa lililotendeka. Basi akaifukia moyoni, jinsi mama zetu walivyofukia kaa la moto kwenye majivu ili asubuhi wasihangaike kuomba moto kwa jirani.

Kaa hilo lilifukuliwa siku ya Jumanne, saa za chai, katika Kituo cha Damu cha Same.

"Mlelewa mpya," ilisema Shahidi, mashine ya kituo iliyosikiliza na kuweka kumbukumbu ya kila kilichosemwa mle ndani. "Profesa Ndewario Temu, mstaafu. Amehamia Same kuishi na binti yake aliyeolewa hapa. Mlezi wa damu aliyepangiwa ni Nakijwa Mshana. Unakubali?"

Chai ya tangawizi ikammwagikia magotini. Nakijwa hakuihisi.

"Rudia jina."

Shahidi ikarudia, bila haraka wala huruma.

"Kwa mujibu wa sheria," iliendelea, "mlezi hukataa akiwa na undugu, ndoa au ugomvi na mlelewa. Je, kuna lolote?"

Hapo ndipo mtu muungwana angesema ndiyo, akapangiwa mwingine, yakaisha. Nakijwa alijua hivyo. Alifuta magoti kwa pindo la koti lake jeupe, taratibu, akijipa nafasi ya kuwa muungwana. Nafasi ikapita.

"Hakuna," alisema. "Ni Mchaga, mimi Mpare. Ni mtani wangu tu."

"Utani si kizuizi," ilisema Shahidi. "Umesajiliwa."

*

Zamani, mtu aliyehofiwa kupata kiharusi alipewa aspirini, kidonge kidogo cha kila siku, au dawa nyingine kali zaidi za kulainisha damu. Aspirini huzuia chembe ndogo za damu zisishikane. Zile nyingine huzuia damu isigande kwa njia zake. Zote zilisaidia, na zote zilikuwa na upande wa pili. Damu ikiwa nzito, bonge hupanda likaziba mshipa wa ubongo. Ikiwa nyepesi mno, mtu huvuja ndani kwa ndani, tumboni au kichwani humo humo. Dozi iliyomlinda huyu ilimwua yule, na madaktari wa enzi hizo walikuwa kama mpishi anayetia chumvi kwenye chungu asichoruhusiwa kuonja.

Punje ndiyo iliyoonja. Ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, ikizikwa chini ya ngozi, pale chini ya mtulinga. Ilipima uzito wa damu muda wote na kuachia dawa kwa kadiri ilivyohitajika. Mara moja kwa mwaka ilijazwa upya. Ndani yake mlikuwa na chumba kingine kidogo kabisa, chenye dawa ya dharura ya kuyeyusha bonge, nacho hakikufunguka mpaka binadamu atoe amri. Watu walikataa mashine iamue peke yake nani aishi. Ndiyo maana kila mwenye punje alikuwa na mlezi wa damu, mtu wa nyama na mifupa, mwenye bangili mkononi iliyotetemeka pale damu ya mlelewa wake ilipoanza kuwa nzito.

Tuzo zote za punje zilikwenda kwa mtu mmoja. Ndewario Temu.

Nakijwa alimwona kwa mara ya kwanza akiwa msichana wa sekondari, siku Profesa alipopanda mlimani, kijijini Mamba, na masanduku yake ya baridi. Alisimama kwenye baraza ya shule, mrefu, maridadi, akaangalia umati wa watu wazima waliokuja kumsikiliza, akasema, "Hamjambo, wabahili wangu!"

Baraza zima likaangua kicheko. Mtani amekuja! Si daktari tena huyo, ni mtani, na neno la mtani halishikwi. Mtani anaweza kukuombea kifo mbele ya wanao nawe ukamkaribisha makande. Anaweza kuchukua jembe lako akaondoka nalo, na ukikasirika, mwenye aibu ni wewe.

"Sikilizeni," Profesa alisema. "Punje hizi hazijapata kujaribiwa kwa watu. Wengine nitawawekea dawa, wengine nitawawekea maji matupu. Mimi mwenyewe sitajua nani kapata nini. Halafu nitakaa Moshi nikinywa mbege, nione nani kati yenu anakufa kwanza!"

Watu wakashikana mabega kwa kucheka.

"Na aspirini zenu acheni kumeza. Nileteeni mimi, nyie mtakwenda kuziuza!"

Mama yake Nakijwa, muuza tangawizi, mwanamke asiyekubali kushindwa maneno hata na kasuku, alisimama akapiga makofi. "Mchaga wewe! Hata hayo maji utatuuzia kwa glasi!" Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka sokoni. Nakijwa naye alicheka, akiwa amekaa dirishani, miguu ikining'inia. Kisha watu wakapanga foleni, wakaweka vidole gumba. Mama alitangulia, na Shangazi Nambua, dada wa baba, akawa nyuma yake. Huyo wa nyuma alipata dawa. Wa mbele alipata maji.

Mama alianguka sokoni, msimu uliofuata, akiwatania wasaidizi wa Profesa waliokuja kupima damu. Alisema, "Karibu, mtani," mdomo ukaenda upande, akaketi kwenye kikapu cha tangawizi. Watu wakacheka. Walidhani anawaigiza Wachaga waliolewa mbege. Walipokuja kuacha kucheka, sehemu kubwa ya ubongo ilikuwa imekwisha kufa.

Likabaki neno moja. Madaktari walieleza kwamba hutokea hivyo; bonge linapoziba mshipa wa maneno, lile lililokuwa ulimini wakati huo huweza kunasa, mengine yote yakazama. Mama akihisi njaa alisema "mtani." Akijikojolea, "mtani." Akimwona binti yake analia mlangoni, alinyoosha mkono mzima uliobaki na kusema "mtani, mtani," kwa sauti ya kubembeleza. Nakijwa alimlisha na kumwogesha miaka na miaka, na kila siku alilisikia jina la aliyewafanyia haya likimtoka mama kinywani kama dua.

Mahakamani walipiga kinasa sauti cha siku ile ya barazani. Kila kitu kilikuwemo: wengine dawa, wengine maji, acheni aspirini. "Washiriki walielezwa yote," hakimu alisema, "na kwa lugha nyepesi." Nyuma ya sauti ya Profesa ukasikika umati ukicheka, na juu ya umati, kicheko chembamba cha msichana aliyekaa dirishani.

Mama alipokufa, Profesa hakuja kumzika. Alikuwa Ulaya akivishwa nishani. Hilo Nakijwa alilihesabu kuliko yote. Maji yalikuwa sayansi, sawa. Kesi ilikuwa sheria, sawa. Lakini mtani asiyekuja msibani ni mtu gani?

*

Sheria ilidai mlezi na mlelewa waonane uso kwa uso, mlezi aeleze mambo yote kwa kinywa chake, na mlelewa aweke kidole mbele ya Shahidi. Profesa alikuja na mkongojo wa fedha na binti yake Aikande, mwanamke mnene mwenye uso wa bashasha, ambaye aliambiwa asubiri nje.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Unaitwa Mshana? Ala! Mpare! Nimekwisha. Damu yangu itauzwa kwa vipimo."

"Hainunuliki, mtani. Imejaa mbege."

Mzee alicheka mpaka akashika kiti. Alikuwa amezeeka vizuri, ngozi safi, meno yake mwenyewe, na macho yaliyozoea kupendwa. Nakijwa alifungua kola ya shati lake, akapapasa punje chini ya mtulinga. Ilikuwa tupu, ikisubiri kujazwa. Mezani pake palikuwa na vichupa viwili vya kioo, kimoja dawa na kingine maji ya chumvi ya kusafishia sindano. Kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Alikuwa amejiapia jambo moja. Akimkumbuka mama, nitamwekea dawa. Hata akikumbuka nusu.

"Unatoka wapi huko milimani?" Profesa aliuliza.

"Mamba."

"Aaa, Mamba! Huko ndiko nilikoanzia. Watu wazuri sana, walinicheka mpaka nikasahau hotuba. Mama yako ni nani, pengine namjua?"

Sindano ilisimama hewani. "Alikuwa anauza tangawizi sokoni. Alikutania siku ile. Alisema utatuuzia maji kwa glasi."

Profesa aliwaza, kweli aliwaza, kipaji cha uso kikajikunja. Halafu akatabasamu. "Binti yangu, Mamba nani hauzi tangawizi? Na Mpare gani hajanitania?"

Nakijwa akainua kichupa cha maji.

Alishangaa jinsi mkono ulivyotulia. Alitarajia moyo umwende mbio. Badala yake alihisi baridi safi, kama ya mtu aliyetembea juani siku nzima akaingia kivulini. "Sasa nikueleze, mtani, maana sheria inataka," alisema kwa sauti ya kuchangamka. "Damu yako ni nzito, na bila dawa utapata kiharusi. Lakini mimi sikuwekei dawa. Nakuwekea maji matupu. Halafu nitakaa Same nikila makande, nione utakufa lini."

Taa ya Shahidi ikageuka njano. Zamani mashine ile ilikuwa ikipiga king'ora kila Mpare na Mchaga walipokutana chumbani humo, hadi mafundi wakaifundisha.

"Utani umetambuliwa," ilisema. "Hauhesabiwi."

Profesa alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Maji matupu! Nyie Wapare mnabana hata dawa!"

"Mlelewa, umeelewa maelezo ya mlezi?"

"Nimeelewa, nimeelewa! Nimeelewa kuliko alivyokusudia!"

Akaweka kidole gumba. Taa ikawa kijani.

*

Shangazi Nambua alikuwa amelala kitandani huko Mamba, akikauka taratibu kwa uzee tu, bila ugonjwa wenye jina. Punje aliyowekewa siku ile ya barazani ilikuwa imembadilishia damu na umri. Aliwazika wenzake wote wa foleni ile. Nakijwa alipanda kwa kereng'ende, chombo kidogo cha kuruka kilichobeba mtu mmoja mmoja juu ya mashamba ya tangawizi, akamkuta anamenyewa ndizi na mjukuu. Akamwomba mjukuu atoke.

Hakuwa amepanga kumwambia. Lakini ushindi usio na msikilizaji ni mzigo, na Nakijwa alikuwa amechoka kuubeba peke yake.

Shangazi alisikiliza hadi mwisho. "Ulimwambia?"

"Nilimwambia neno kwa neno."

"Kwa utani?"

"Kama alivyotuambia yeye."

Bibi akatafuna ufizi. "Basi na wewe umekuwa profesa," alisema.

Neno hilo lilimchoma Nakijwa mahali ambapo hakujua pana nyama. Akapandwa na hasira. "Shangazi, wewe ulipata dawa! Ulikaa nyuma ya mama, ukapata miaka yake yote juu ya yako. Unamtetea kwa sababu hiyo."

"Simtetei. Nilimchukia kabla yako. Lakini nilijiuliza, asingewapa wengine maji, angejuaje kwamba dawa ni dawa? Kila mwenye punje leo anaishi kwa maji ya mama yako. Hilo siwezi kulikana, na wewe huwezi."

"Alijua tunacheka, Shangazi. Kakulia kwenye utani kama sisi. Angeweka kicheko chini kidogo tu, akasema, 'Sasa jamani nasema kweli.' Asingepata watu wa kutosha, ndiyo maana hakusema. Na aspirini akamnyang'anya mama."

"Ndiyo," bibi alisema. "Hapo ndipo alipokosa, hapo hapo. Na wewe umekwenda kusimama hapo hapo." Alimshika mkono kwa vidole vikavu. "Kamwondolee maji. Usinizike kabla hujamwondolea."

"Nitamwondolea," Nakijwa alisema, na wakati ule alikuwa anasema kweli, au karibu na kweli.

Alishuka Same. Siku ya kwanza alijiambia atampigia simu Profesa kesho. Kesho yake alijiambia bangili imetulia, damu bado nyepesi, hakuna haraka. Usoni alikuwa mlezi mwema. Moyoni alikuwa anaonja kitu kitamu na hakutaka kukitema. Kabla hajakitema, habari ikaja kwamba Shangazi Nambua amelala hakuamka.

*

Safari hii mtani alikuja msibani.

Profesa alifika Mamba mchana, jua likiwaka, na Aikande nyuma yake amebeba kapu la ndizi. Kabla ya kutoa pole alikuwa amekwisha kuingia chumbani kwa marehemu, akatoka amevaa kitenge cha Shangazi na kilemba chake, mkongojo wa fedha mkononi, akitembea kwa kuinama na kutafuna ufizi kama yeye. Vilio vikakatika. Watoto wa marehemu, waliokuwa wamevimba macho, wakajikuta wanacheka. Ndiyo kazi ya mtani, na hakuna aliyewahi kuifanya vizuri namna ile.

Nakijwa alisimama karibu na kaburi. Usinizike kabla hujamwondolea. Jeneza lilikuwa pale, juu ya miti miwili, na yeye hakuwa ameondoa kitu. Baada ya mazishi, alijiambia. Nina sindano kwenye mkoba. Namvuta pembeni, dakika moja tu, yaishe.

Bangili ikatetemeka.

Ilitetemeka mara moja, ikatulia, kisha ikaanza kutetemeka bila kukoma. Hakuhitaji kuitazama. Profesa alikuwa amejilaza mbele ya jeneza, akizuia lisishushwe mpaka apewe kuku, kisha akainuka na kumnyooshea yeye mkongojo.

"Na huyu je? Huyu mlezi wangu! Mnajua kaniambia nini, jamani, mbele ya mashine ya serikali? Kaniambia dawa sikuwekei! Kaniambia mtani, nakuwekea maji!"

Umati ukalipuka. Wanaume walipiga mapaja. "Mpare huyo!" mtu alipaza sauti. "Kabana!"

"Maji!" Profesa alisema, akifurahia neno lake, akizunguka nalo. "Mimi, Ndewario Temu, niliyetengeneza punje! Kanijazia maji! Maji..."

Upande wa kulia wa mdomo ukashuka. Mkongojo ukamtoka mkononi, ukabingirika udongoni. "Maji," alisema tena, kwa sauti nzito, akitazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine.

Watu wakacheka zaidi. Walidhani anamwigiza Nambua siku zake za mwisho, alipokuwa akidondosha kijiko. Wanawake wakapiga vigelegele. Aikande alicheka akapiga makofi, machozi yakimtoka, akijivunia baba yake.

Katika umati wote ule mtu mmoja tu alijua. Kidole gumba cha Nakijwa kilikuwa juu ya bangili. Kubonyeza mara moja kungefungua chumba kidogo na dawa ya kuyeyusha bonge ingeingia kwenye damu. Alijua hesabu yake vizuri: kila pumzi inayopita, kipande cha ubongo kinazimika, na hakiwashwi tena na mtu yeyote.

Hakubonyeza. Mama yangu alingoja, aliwaza. Aliketi kwenye kikapu cha tangawizi akangoja, mdomo upande, na watu wakicheka hivi hivi. Angoje naye. Achekwe. Alimtazama mzee akiyumba katika kitenge cha bibi aliyekufa, na ile baridi safi ikamjaa tena kifuani, tamu kuliko alivyowahi kuwaza. Aliipenda. Hakuna haja ya kumsitiri. Aliipenda, na aliiacha idumu.

Kisha Profesa akageuza kichwa, akamtafuta katika watu, akampata. Macho hayakuwa ya mtani tena. Alikuwa ameelewa. Na Nakijwa akaona kwamba yalikuwa macho yale yale ya mama pale kikapuni, yanayotazama watu wanaocheka na kushindwa kuwaambia.

Akabonyeza.

"Si utani!" alipiga kelele. "Jamani, acheni! Ni kiharusi! Anakufa kweli!"

Na watu wakamcheka yeye. Walidhani naye ameingia mchezoni, mtani kwa mtani. "Mwongezee maji!" mmoja alimwambia. Nakijwa alisukuma, akapiga watu viwiko, akalia jina la Aikande, na kadiri alivyolia ndivyo walivyozidi kushika mbavu, hadi mzee alipoanguka kifudifudi kwenye udongo mbichi wa kaburi na asijaribu hata kujikinga kwa mikono.

*

Aliishi. Dawa ya dharura iliyeyusha bonge, ila ilichelewa. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yakafa nao.

"Bangili ilitetemeka kabla ya amri," Shahidi ilimwuliza kituoni. "Sababu ya kuchelewa?"

"Watu walidhani ni utani."

"Imepokelewa."

Yakaisha hivyo. Punje, Nakijwa alikuwa ameijaza dawa halisi mwenyewe, pale pale kitandani hospitalini, na hakuna aliyeomba kuichunguza, kwani nani amshuku mlezi aliyelia vile mbele ya kijiji kizima? Alilokuwa amelisema chumbani lilibaki kwenye kumbukumbu za Shahidi na vinywani mwa watu wote wa Mamba, na kote huko lilikuwa halihesabiwi.

Mlezi hamwachi mlelewa aliyepatwa na kiharusi. Sheria ilimtaka amtembelee kila wiki, maisha yake yote. Ziara ya kwanza alikwenda akiwa amevaa vizuri. Alitaka kuona. Mtenda akitendewa hudhani kaonewa, walisema wahenga, na yeye alitaka kuiona dhana hiyo usoni mwa mtu asiyeweza kuisema.

Aikande alimpokea mlangoni kwa kumkumbatia, akamlowesha bega. "Dada yangu, wewe ndiye uliyeniachia baba. Sisi tulikuwa tunacheka. Mimi mwanawe nilikuwa nacheka! Sitajisamehe."

Hilo Nakijwa hakuwa amejiandaa nalo. Yule mwanamke alikuwa anajilaumu kwa kicheko, na jambo hilo Nakijwa alilijua tangu alipokaa dirishani siku ile ya barazani.

Profesa alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, shuka magotini, amenyolewa ndevu vizuri. Alipomwona Nakijwa, mkono wa kushoto ulishika kiti.

"Maji," alisema.

"Ndilo neno pekee alilobakiwa nalo," Aikande alieleza, akijifuta. "Akisikia njaa, maji. Akitaka kwenda chooni, maji. Jana usiku alilia, nikamwuliza baba una nini, akasema maji, maji, mpaka kukacha." Akakimbilia mtungi, akajaza kikombe cha bati, akamwekea baba yake mdomoni.

Mzee akafunga mdomo. Akainua mkono wa kushoto, akakisukuma kikombe. Hakukimwaga. Alikisukuma hewani, polepole, hadi kikawa mbele ya Nakijwa.

"Maji," alimwambia.

Aikande akacheka huku analia. "Anataka unywe wewe! Mwone huyu mzee. Hata akiwa hivi bado ni mtani. Usimkasirikie, dada."

"Mtani hakasirikiwi," Nakijwa alisema.

Akayatazama macho yale. Hayakuwa na chuki. Afadhali yangekuwa nayo. Chuki angejua pa kuiweka. Yalikuwa yanangoja tu, wazi na timamu, na kesho yangengoja, na wiki ijayo.

Akakipokea kikombe kwa mikono miwili, kama anavyopokea mtu aliyelelewa vizuri, akanywa yote.

"Maji," Profesa alisema tena, na Aikande akaenda kujaza kikombe.